Magunia Manne ya Chokaa Kwenye Lori la Thina

Marahaba, wanangu. Ujumbe wenu umenifikia, nikausoma mara mbili, maana mara ya kwanza miwani ilikuwa kichwani nami naitafuta chini ya kitanda. Mnasema mmeajiriwa ghalani pale nilipostaafu, mmekabidhiwa kijitabu cha masharti ya kusafirisha vimiminika vinavyowaka, na kila mkikifungua usingizi unawachukua. Mnataka Bi Mwanahamisi awaeleze kwa lugha ya watu. Haya, nitawaeleza. Ila mie si mtu wa kupanga maneno foleni, nitaanzia panaponijia.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Nilikuwa karani wa mizigo. Lori halikutoka getini mpaka niwe nimelizunguka na kutia sahihi kwenye hati ya mzigo, ile karatasi inayosema kuna nini ndani, kiasi gani, kina hatari gani na kikishika moto kizimwe vipi. Mizigo yetu ilikuwa mapipa ya thina, yaani yale maji ya kulainishia rangi, na spiriti, na gundi ya mafundi viatu, na rangi za mafuta kwenye makopo. Tulipeleka Muheza, Korogwe, Lushoto na Pangani. Makuli walikuwa wakiniita Mama Subiri, kwa sababu kila walipotaka kufunga ubao wa nyuma mie nasema subiri kwanza. Nilijua wananiteta na sikujali, maana mapipa hayana utani.

Kazi nilifundishwa na Mzee Athmani, mtunza ghala wa zamani, mtu mfupi mwenye sauti ya adhana. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa najaza madumu ya thina mpaka mdomoni. Ninyi wenyewe watu wa Tanga mnawajua wateja wetu: dumu likipungua vidole viwili tu mtu anakuuliza kama unamwogopa Mungu. Mie nami nimelelewa chuo cha Kurani, najua kupunja kipimo ni dhambi, basi nikawa najaza hadi inamwagika. Siku moja niliyapanga madumu kumi na mawili uani, juani, nikaenda kunywa chai. Kurudi nikakuta yamevimba kama shavu la mwenye jino bovu, na vifuniko vinalia fyuu, fyuu. Mzee Athmani aliniweka kwenye kigoda, mbali lakini niyaone, nikae niyatazame mpaka jua lishuke. Sikuruhusiwa kuondoka hata kwenda msalani bila kuomba. Baadaye akaniambia nimempa mteja haki yake, ila dumu nimelinyima la kwake, kwani thina ikipata joto inatanuka, na lazima iachiwe nafasi ya kupumua.

Nikamuuliza, sasa yule mteja wa kuogopesha watu na Mungu nimfanyeje? Akanionyesha. Pima mbele yake kwa jagi la lita, ahesabu kwa mdomo wake mwenyewe, kisha mimina kwenye dumu kubwa kuliko kipimo. Kijitabu chenu kimeandika asilimia za nafasi ya kuacha, na mzifuate, lakini hakikuwafundisha namna ya kumridhisha fundi rangi wa Chumbageni. Hilo nawafundisha mie.

Mengine nawapa harakaharaka. Vifuniko vitazame juu daima. Pipa halilazwi hata kama nafasi imebana na dereva anakuapia wallahi hatakwenda mbio. Lisiviringishwe kwenye kokoto, kwa kuwa kokoto ikigonga chuma inatoa cheche. Ukimimina kutoka pipa kwenda dumu, ule waya wa kuunganisha na ardhi uwe umefungwa kabla tone la kwanza halijadondoka. Wakati wetu wa mwanzo hatukuwa nao, tukadhani nywele kusimama mikononi ni baridi, kumbe ni umeme unaoweza kutoa cheche. Vibandiko vyekundu vyenye picha ya moto vitazame nje, mtu avione bila kuvitafuta. Na chakula kisipakiwe pamoja na thina hata mkiombwa kwa machozi. Kuna dereva mmoja alipenyeza unga wa harusi ya binamu yake katikati ya mapipa. Maandazi yale yalinuka rangi ya mlango, na mpaka leo bibi harusi yule anaitwa Mama Varnishi. Ninyi chekeni, lakini watu waliharisha siku mbili.

Sasa nije kwa Hoza, kwa kuwa ninayowaandikia haya yote ni kwa sababu yake.

Hoza alikuwa dereva wetu wa njia ya Pangani. Mbondei, Mkristo, mrefu, mpole kupita kiasi, mtu wa kusalimia hadi mbuzi. Tulifanya naye kazi miaka kumi na moja. Kati ya wote niliowafundisha sheria ya barabara, yeye peke yake ndiye aliyeifuata hata nikiwa simwoni. Abiria hapakii, awe mwanamke mjamzito, awe shekhe. Atateremka, amsimamishie mtu bodaboda na kumbembeleza, lakini kwenye lori lenye thina hapandi mtu. Sigara havuti. Simu anaizima getini, anaitia kwenye mfuko wa shati na kuugonga kwa kiganja ili mie nione. Mwezi wa Ramadhani alikuwa anakunywa maji yake nyuma ya ghala asiwatamanishe makuli waliofunga. Mtu wa namna hiyo.

Ilikuwa siku za mwisho za Ramadhani, na Ramadhani ile ilikuwa imeangukia masika. Lori limekwisha pakiwa, mapipa ya thina kumi na sita na makopo ya rangi, hati imepigwa muhuri na kusainiwa. Mara naona mkokoteni unaingia getini, na nyuma yake Mjomba Mbwana. Huyu ni kaka wa mama yangu, ndiye aliyenilea baba alipofariki, ndiye aliyeniozesha. Kwenye mkokoteni kuna magunia manne ya chokaa ya mawe kutoka tanurini Amboni. Msikiti wa kijijini kwetu, kule mbele ya Kigombe, unataka kupakwa kabla ya Idi, na lori letu linapita mlangoni pake.

Ninyi watoto wa rangi za ndoo pengine chokaa hii hamuijui. Ilikuwa bado haijazimwa. Imetoka tanurini ikiwa mawe makavu, na fundi wa kijijini ndiye anayeichimbia shimo na kuitia maji. Ikipata maji inachemka, inafoka na kutoa joto la kuunguza gunia. Ikishapoa ndiyo inakuwa chokaa ya kupaka ukuta. Mie hilo nililijua tangu utotoni, tulikuwa tunakimbizwa mbali na shimo.

Nililijua, na bado nikasema ipakiwe. Nataka mlielewe hili vizuri. Sikuwa mjinga wala sikuwa nimelewa usingizi. Nilijiambia chokaa yenyewe haiwaki. Nikajiambia mapipa yamefungwa vizuri. Turubai lilikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja upande wa nyuma, nalo nilikuwa nimelipitisha asubuhi ile, kwani pipa la chuma haliogopi mvua. Kila kimoja peke yake kilikuwa salama. Kuviweka pamoja akilini, hata sikujaribu, maana aliyesimama mbele yangu alikuwa Mjomba Mbwana na kofia yake ya kiua, mdomo umemkauka kwa saumu.

Nilichukua kalamu niongeze mstari kwenye hati. Mjomba akanishika mkono. Akasema ile ni sadaka, na sadaka haitangazwi kwenye makaratasi ya biashara, thawabu zake zinapungua. Mnajua watu wetu walivyo kwa hili. Nami nikaona aibu kuandika jina la msikiti kwenye karatasi ya thina. Pia, niseme kweli, mstari mpya ungetaka muhuri mpya, na bosi angeuliza. Nikairudisha kalamu sikioni.

Hoza alitazama magunia, akanitazama mie. Akasema yeye si Mwislamu lakini nyumba ya Mungu ni nyumba ya Mungu, akasaidia kuyapandisha. Yaliwekwa nyuma kabisa, juu ya mbao, ili yawe rahisi kushusha. Chini ya lile tundu. Akaizima simu, akaugonga mfuko wake, akaondoka.

Haikupita nusu saa wingu likasimama upande wa kusini, jeusi. Nilikuwa nakunja karatasi za nakala, nikaziacha mezani. Mvua, tundu, chokaa, thina: vyote vinne vilikuja kwa mpigo. Nikapiga simu ya Hoza. Inapatikana wapi, si nimemfundisha mwenyewe kuizima? Nikapiga tena na tena kama mwendawazimu, nikijua. Kisha nikatoka getini na kanga yangu moja begani, nikamsimamisha bodaboda, nikamwambia njia ya Pangani na asiniulize.

Mvua ilitukuta Tongoni. Ilikuwa ile mvua ya masika inayopiga usoni mpaka hufungui macho. Kijana wa bodaboda alitaka tujibanze kwenye kibanda, nikamwambia nitalia hapahapa mgongoni kwake asipoendelea, akaendelea. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu jambo moja: moshi ukianza, Hoza akimbie. Hilo nilimfundisha kuliko yote. Mzigo si wako, lori si lako, simamisha, zima injini, chukua hati, wafukuze watu, kimbia upande unakotoka upepo, kaa mbali mpaka zimamoto wafike. Nilikuwa namsomesha kila mwaka, naye akiitikia kama mtoto wa madrasa. Kwa hiyo nilikuwa na tumaini.

Nilipofika Kigombe mvua imekatika. Lori limesimama pembezoni, upande wa mashamba ya mkonge, turubai limeungua nyuma kipande cha kutosha mkeka. Mbao zinafuka moshi. Mapipa yote kumi na sita yamesimama mahali pake, moja rangi yake imebabuka ubavuni. Magunia yako chini kwenye mtaro, mbali na lori, yanachemka yenyewe, yanatoa mvuke. Watu wamejaa na ndoo zao. Hoza amekaa kwenye nyasi, na wanawake wawili wanammiminia maji mikononi, ndoo kwa ndoo, bila kusita. Mikono ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko, na chini ya weupe ule ngozi haikuwapo. Jicho moja alikuwa hawezi kulifungua.

Aliniona, akajaribu kunyanyuka anisalimie. Mie nikamfokea. Badala ya kumpa pole nilimfokea mbele ya watu, kwa nini umepanda lorini kushusha magunia, nani alikutuma kupanda, nilikufundisha nini. Alisema tu kwamba thina haikumwagika hata tone. Nikakaa kwenye nyasi zile zilizolowa nikalia.

Alilazwa hospitali siku tatu. Siku ya pili bosi akaniita ofisini. Akaniambia Hoza amekiri: magunia yale aliyaokota njiani, mtu alimsimamisha, akapokea mzigo usio kwenye hati kinyume cha sheria, kwa hiyo atafukuzwa kazi. Bosi akaniuliza kama nilijua lolote. Wanangu, mie nilitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikitikia kosa la mwenzake. Nikasema, "Hoza naye jamani."

Nilibakiwa na miaka minne kustaafu. Nilikuwa nasomesha wawili. Sababu nilizokuwa nazo ni hizo, na wala sizitetei. Usiku wa kuamkia Idi sikulala. Mjomba Mbwana, alipojua, alikuja kwangu akakaa mlangoni bila kuingia, akasema msikiti hautapakwa mwaka ule, yeye hawezi kusali akiuona mweupe. Sijawahi kumwona mzee yule akiwa mdogo kiasi kile.

Idi ya pili nikaenda nyumbani kwa bosi, hata ofisi sikusubiri ifunguliwe. Nikamweleza yote, mkokoteni, mjomba, kalamu sikioni. Aliniacha nimalize. Nilinyang'anywa kalamu mwaka mzima, nikawa nahesabu mapipa matupu uani, na barua ya onyo imo kwenye faili langu hadi leo, kaitafuteni. Hoza hakufukuzwa. Alitibiwa kwa gharama ya kampuni, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena, na dereva wa lori bila mkono wa kulia ni dereva wa kusimulia. Walimpa kazi ya getini. Alikaa pale, akiyaandika malori yanayotoka, kwa mkono wa kushoto aliojifunza ukubwani.

Lakini kuna jambo halikuwa linaniingia akilini, hata baada ya kukiri. Watu walimsifu, wakamwita shujaa, na mie nikawa nawasikiliza kwa hasira. Mtu aliyetii kila sheria kwa miaka kumi na moja, kwa nini akaivunja ile moja iliyomhusu uhai wake? Ningemfunza nini zaidi? Siku ileile niliyotoka kwa bosi, alasiri, nikaenda kwake Nguvumali na bakuli la biriani ya Idi, nimuombe radhi, na nimuulize.

Nilimkuta barazani. Mkewe akanipokea bakuli, akanikaribisha kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. Hoza alikuwa amefungwa bandeji mikono yote, anakunywa chai kwa mrija. Nikamwomba radhi. Akasema yameisha, tena wa kuombwa radhi ni Mjomba Mbwana, kwa kuwa nimeitangaza sadaka yake. Alikuwa anatania, na hapo nikashindwa kabisa kuzuia machozi.

Nilipotulia nikamuuliza. Akaiweka chai chini kwa viganja viwili, taratibu, akanieleza.

Moshi ulipoanza alifanya yote. Alisimamisha, akazima injini, akachukua hati, akakimbia. Alikuwa amekwisha fika mbali, salama, chini ya mkorosho. Watu wa Kigombe wakatoka na ndoo zao, kama watu wema wanavyotoka. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu aliyesoma, akaiomba hati akaisoma kwa sauti: thina na rangi, na chini yake maelekezo, kwamba mapipa ambayo hayajawaka yapozwe kwa maji mengi. Akawapanga watu mstari, maji yaanze kupita. Hoza akapiga kelele kwamba kuna chokaa, msimwage maji. Mwenyekiti akaisoma karatasi tena, juu mpaka chini. Akamwambia kwa huruma, mzee, hapa hakuna chokaa, umeshtuka, kaa upumzike. Ndoo ya kwanza ikarushwa. Gunia likafoka, mbao zikashika moto, nao wakadhani ni thina, wakaita ndoo zaidi. Watu thelathini na kitu, na watoto wao, wanalisogelea lori.

"Mwenyekiti hakukosea," Hoza alisema. "Ndivyo ulivyotufundisha, watu waiamini karatasi."

Alinitazama kwa lile jicho moja zima, bila kinyongo hata kidogo.

"Ungeandika, Bi Mwanahamisi, mie ningebaki kule kwenye mkorosho."